Mkono Usipoingia, Fundi Afanye Nini?

Hii ni wiki ya tatu gitaa la mwalimu wa kwaya wa Ukerewe limelala mezani kwangu hapa Mabatini, Mwanza. Alilileta mwenyewe kwa meli ya Nansio, amelifunga kwenye kitenge cha mkewe kwa sababu begi lake lilishachanika. Akaliweka mezani taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto, akasema, "Fundi, humu ndani kuna nyenze. Kwaya wakishuka sauti ya chini, nyenze ndiye anayeongoza."

Nikapiga uzi wa tano na nyenze akalia. Nikajua papo hapo kwamba taruma limeachia. (Zile mbao za ndani zinazobeba uso wa gitaa naziita mataruma tangu nikiwa kijana, nilipokuwa nashinda Mwaloni, Kirumba, nikiwatazama mafundi mitumbwi. Sijapata neno zuri zaidi.)

Kwa gitaa kavu la kawaida, galatoni kama wazee wanavyoliita, hiyo ni kazi ya saa moja. Unalegeza nyuzi, unapitisha mkono kwenye tundu, unapapasa mpaka kidole kinagusa ubao unaocheza. Unasukumia gundi kwa kipande cha kadi, unaweka jeki ndogo ya kugandamiza, unakwenda kunywa chai. Kesho yake mteja anaondoka.

Hili halina tundu. Lina vitundu. Vimetawanywa mabegani kama matundu ya chujio, na kikubwa kuliko vyote hakipitishi kidole gumba changu. Mgongo wake ni bakuli la plastiki ngumu, kipande kimoja, hakuna kiungo wala mshono. Uso umegandishwa juu ya bakuli kwa ile gundi ya kuchanganya chupa mbili, ambayo ikishakauka hamwelewani tena.

Nimechungulia kwa kioo kidogo cha daktari wa meno na tochi ya simu. Taruma naliona. Liko karibu na daraja, kile kibao cha usoni kinachoshika nyuzi, upande wa nyuzi nene, limeinuka unene wa ukucha, na chini yake kuna tone la gundi la kiwandani, duara, linang'aa, lililokauka kabla ubao haujakaa juu yake. Tone hilo halikuwahi kushika kitu. Naliona wazi kama nionavyo kiganja changu, na silifikii.

Nimejaribu. Nilichukua mpira wa dripu na bomba la sindano nikapeleka gundi mpaka mahali penyewe, lakini gundi isiyogandamizwa ni uchafu tu. Nikang'oa sumaku mbili kwenye spika mbovu, moja nikaiteremsha ndani kwa waya wa breki ya baiskeli, nyingine nikaiweka juu ya uso ili zivutane na kubana. Ya ndani ikarukia kisanduku cha betri cha pikapu, kile kinasa sauti cha umeme cha gitaa, ikakwama huko. Kuitoa kulinichukua mchana mzima, na shati lililoa jasho kama vile nimetoka kuvuta kokoro.

Sasa naomba niseme linaloniuma. Umbo la ajabu halinisumbui. Linalonisumbua ni mtu aliyekaa akachora gitaa hili, akalipenda, akaliingiza sokoni, na hata dakika moja hakufikiria siku litakapoharibika. Gitaa la nyuzi za chuma huvutwa na kitu kama kilo 70 usiku na mchana, hata likiwa limetundikwa ukutani hakuna anayelipiga. Uso wake ni ubao wa milimita tatu au chini ya hapo. Kitu cha namna hiyo lazima siku moja kiachie mahali fulani. Anayekijenga bila kuacha njia ya kuingilia ameshaamua kwamba siku hiyo ni juu ya mwenye gitaa.

Na waliobuni umbo hili walikuwa na akili kuliko walioliiga. Charles Kaman, mhandisi wa helikopta wa Marekani, ndiye aliyeanzisha magitaa ya Ovation miaka ya 1960, akachukua ujuzi wa vifaa vya ndege akatengeneza mgongo wa bakuli. Baadaye, mwaka 1976, wakaja na Adamas, lenye vitundu vingi mabegani badala ya tundu moja katikati. Lakini walijua kwamba mkono hautapita hapo, kwa hiyo kwa nyuma wakaweka mfuniko wa kufungua. Waigaji wakatazama picha ya mbele. Vitundu wakaviona wakavichukua. Mfuniko uko mgongoni, haupendezi kwenye picha, wakauacha. Nikiukumbuka mfuniko huo nashindwa kukaa.

Nendeni pale Mwaloni mkamtazame fundi anayejenga mtumbwi. Anapigilia ubao akijua utaoza, kwa hiyo anaupigilia kwa namna ambayo yeye au mwanawe ataweza kuutoa. Kwenye maungio anashindilia pamba, kwa sababu pamba inatoka na inaingia nyingine. Nendeni Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, mzitazame ngoma. Ngozi ikichoka, ngoma huwambwa upya, na mzinga unabaki uleule. Nyatiti ya Wajaluo ina nyuzi nane, na mpigaji akikatikiwa na mmoja hahitaji kiwanda. Ziwa hili lote limejaa watu wanaojenga vitu wakijua vitarudi mikononi mwao.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba bakuli la plastiki lina faida yake hapa kwetu. Masika mbao inavimba, na kuanzia Juni upepo mkavu unaikausha mpaka inapasuka. Kila Agosti naletewa migongo iliyochanika mstari mmoja toka juu mpaka chini. Bakuli halipasuki hivyo. Mwalimu ameniambia gitaa lake lilishanyeshewa ndani ya mtumbwi, na mgongo hauna hata alama.

Nakubali pia kwamba wazee wa Hispania walijenga shingo na mwili kwa pamoja, mbavu zikachomekwa kwenye shingo yenyewe, na hiyo nayo haing'oki. Lakini tundu la katikati lilibaki.

Ugeni wenye hekima upo. Kuanzia mwaka 1999 Taylor, kiwanda cha magitaa cha Marekani, waliweka shingo ya boliti yenye vipande vyembamba vya kupachika kwenye kiungo. Ukitaka kubadilisha mwinamo wa shingo unafungua, unabadilisha kipande, unafunga. Mtu wa kiwandani alimfikiria mtu wa karakana ambaye hatakutana naye maisha yake yote. Hilo naliheshimu sana.

Kwa njia ya zamani ilikuwaje? Mwaka jana nililetewa gitaa kuukuu ambalo nyuzi zake zilishapanda juu ya freti, vile vyuma vilivyolala kukata shingo, mpaka vidole vya mpigaji vilikuwa na sugu kama vya mvuvi. Nikang'oa freti ya kumi na tano, nikatoboa vitundu viwili vyembamba kama sindano mpaka kwenye kiungo, nikafunga mpira kwenye sufuria la presha nikauelekeza mvuke humo. Dakika kumi hivi. Kwanza ikaja harufu, harufu ya supu ya makongoro kabisa, kwa sababu gundi yenyewe ni ngozi na mifupa ya ng'ombe. Halafu shingo ikatoa mlio mdogo, tk, ikaanza kupanda mkononi mwangu. Gundi ile huandaliwa kwa joto la nyuzi 60 hivi, na hata ikikaa miaka mia, ukiipa joto na unyevu inakumbuka ilikotoka na kuachia. Nikachonga kidogo sana kwa patasi kisigino cha shingo, pale inapokutana na mwili, nikarudisha, nikagandisha. Aliyelijenga bila shaka ameshakufa zamani, lakini siku ile nilihisi tumefanya kazi pamoja.

Nawaza sana kuhusu gundi. Hapa Mwanza mabondo ya sangara, yaani vibofu vyake vya hewa, yanauzwa kwa bei inayozidi minofu mbali kabisa, yanapanda ndege kwenda China. Kibofu cha samaki kinatoa gundi, mafundi wa zamani wa nchi za mbali walikitumia, na nayo huachia kwa maji ya moto. Sisi tunalala juu ya gundi inayosamehe, na tunanunua magitaa yaliyogandishwa kwa gundi isiyosamehe.

Wapo wanaoniambia, "Fundi, gitaa la Kichina hilo, mwambie anunue jingine." Kanunue wapi? Gitaa hili lilinunuliwa kwa mchango wa kwaya nzima, kina mama wa alto waliuza dagaa miezi minne. Mwalimu amewafundishia vijana sita kupiga ridhimu na solo. Kwenye ukingo wa juu, mkono wa kulia unapolala, rangi imelika mpaka ubao mweupe umetokea, na pale pana umbo la mkono wake. Hilo jingine litakuwa na umbo hilo?

Kwa hiyo wiki iliyopita nilimpigia simu nikamwambia ukweli. Njia ni moja tu: kukata mgongo. Akanyamaza. Nikasikia kuku kwao, na mtu anatwanga.

"Ukitoboa bakuli, fundi, sauti haitaharibika?"

"Itabadilika kidogo, mwalimu. Siwezi kukudanganya."

"Na likiharibika tena?"

"Atakayelipokea atafungua mfuniko. Kwa bisibisi."

Akasema atakaa na kwaya kwanza, mali ni yao. Juzi jioni, baada ya mazoezi, akapiga. Nyuma yake walikuwa bado wanaongea wote kwa pamoja. Akasema neno moja tu: "Kata."

Nimeshachora duara mgongoni kwa penseli, upana wa kiganja changu na kidogo zaidi, kwa sababu sijui atakayekuja baada yangu ana mkono mkubwa kiasi gani. Mfuniko nimeuchonga kwa mninga, nimeupiga msasa mara tatu, una matundu manane ya skrubu. Umeme ulikatika jana na leo tena. Ukirudi kesho asubuhi, nakata.