Diski bandia ya shingo: kujongea mapema au kutulia kwanza?

Wagonjwa wawili wanaweza kufanyiwa upasuaji uleule wa shingo, wakawekewa diski ya aina ileile, kisha wakaruhusiwa kwenda nyumbani na maagizo yanayopingana. Mmoja ameambiwa aanze kugeuza shingo kesho yake, asivae kola ya kushikilia shingo, atembee kila siku. Mwenzake amefungwa kola na kuambiwa akae nayo kwa wiki kadhaa. Wakikutana, kila mmoja ataondoka akidhani daktari wa mwenzake hajui kazi. Mimi naona pande zote mbili zina hoja, ila kila upande unatetea sehemu tofauti ya shingo hiyohiyo.

Kwanza kinachofanyika mezani. Shingo ina pingili saba, yaani mifupa ya uti, na diski ni mito laini inayokaa kati yake. Zinazoharibika zaidi ni ile iliyo kati ya pingili ya 5 na ya 6, na ile ya kati ya 6 na 7. Diski ikichomoza hubana neva inayoelekea mkononi, na hapo ndipo mtu anapopata maumivu yanayoteremka kutoka begani hadi vidoleni, ganzi, na wakati mwingine mkono kukosa nguvu. Daktari huingia kwa mbele kupitia mkato wa sentimita chache, anasogeza njia ya hewa na umio upande mmoja, anaitoa diski na kuifungulia neva nafasi. Mpaka hapo, upasuaji wa diski bandia hautofautiani na ule wa kuunganisha pingili, uliokuwapo tangu miaka ya 1950. Zinapoachana ni kwenye kile kinachojaza pengo. Upasuaji wa zamani huweka mfupa, mara nyingi pamoja na bamba na skrubu, ili pingili mbili ziwe kitu kimoja. Huu mpya huweka kifaa chenye mabamba mawili yanayocheza, moja juu ya jingine. Nasema mpya, lakini mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, iliidhinisha cha kwanza cha shingo mwaka 2007, na mwaka 2013 ikaidhinisha cha kwanza cha kuwekwa katika ngazi mbili zinazofuatana, yaani mapengo mawili ya diski yaliyo jirani.

Wanaotetea kujongea mapema wana hoja nzito. Kwa aliyeunganishwa pingili, kola ina mantiki, maana mfupa unatakiwa kuota na kuvuka pengo, na hautaki kutikiswa. Kwa mwenye diski bandia, mfupa kuvuka pengo ndiko kushindwa kwenyewe. Na hutokea: kwa baadhi ya wagonjwa mfupa huota taratibu kuzunguka kifaa, na katika daraja la juu kabisa, la 4, pingili huungana moja kwa moja, kifaa kikabaki kimekwama katikati bila kazi. Ongeza hapo misuli inayolegea ndani ya kola, na mgonjwa anayezoea kugeuka na mabega yote kama mtu aliyebeba ndoo kichwani. Ndiyo maana wapasuaji wengi wameachana na kola ngumu kwa wagonjwa hawa. Wanatoa kola laini kwa siku chache, au hawatoi kabisa.

Upande wa pili hauongozwi na woga tu. Siku diski inapowekwa, haijashikamana na mfupa. Inashikiliwa na meno madogo au ukingo uliochongwa kwenye mabamba yake, pamoja na mgandamizo wa pingili zenyewe. Uso wa bamba unaogusa mfupa umekwaruzwa au kupakwa makusudi ili mfupa uote na kuingia ndani yake, kazi ya wiki kadhaa hadi miezi. Kabla ya hapo, mtikisiko mkubwa unaweza kuliachanisha bamba na mfupa kidogo kidogo, au hata kukisogeza kifaa. Halafu kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi: ili kuifikia diski, daktari hukata ukano wa mbele wa uti wa mgongo mahali hapo. Ukano huo ndio uliokuwa unazuia shingo isipinde mno kwenda nyuma. Kwa hiyo, katika wiki za mwanzo, hatari ya kugeuka kushoto na kulia ni ndogo kuliko ya kurudisha kichwa nyuma: kutafuta kitu kwenye kabati la juu, kuinua kidevu ili umalize maji yaliyobaki chupani, kulaza kichwa kwenye beseni la saluni kuoshwa nywele. Mtu anaweza kuvaa kola mchana kutwa kwa utiifu, kisha jioni akaenda saluni.

Ukizipima hoja hizi mbili, mgongano wake ni mdogo kuliko unavyosikika. Kutembea, kugeuza shingo polepole katika masafa yasiyouma, kukaa wima: haya yana faida, na kwa mgonjwa mwenye mifupa imara sioni sababu ya kuyachelewesha. Uzito na vitendo vya ghafla ni suala jingine. Kikomo kinachotolewa mara nyingi ni kilo 4 au 5 kwa wiki za mwanzo, na hapo nasimama na wahafidhina bila kusita.

Mfano mzuri wa jinsi ushauri unavyogongana ni dawa za jamii ya ibuprofeni. Aliyeunganishwa pingili huambiwa mara nyingi azikwepe, kwa sababu zinahofiwa kuchelewesha mfupa kuunga. Baadhi ya wapasuaji wa diski bandia huziandika makusudi kwa wiki za mwanzo kwa sababu hiyohiyo, kwamba zinapunguza mfupa kuota pasipotakiwa. Sasa mchukue mgonjwa mwenye diski bandia, anatembelewa na ndugu aliyeunganishwa pingili. Ndugu anaona vidonge mezani, anashtuka, anamwonya kwa nia njema kabisa, na mgonjwa anaacha dawa. Wote wawili husema tu "nilifanyiwa operesheni ya shingo". Dawa hizo zina madhara yake kwa tumbo na figo, kwa hiyo kuzianza au kuziacha ni jambo la kukubaliana na daktari aliyekupasua, na siyo la kuamuliwa sebuleni.

Katika wiki ya kwanza, kinachosumbua zaidi huwa ni koo. Kumbuka umio ulisukumwa kando wakati wa upasuaji. Unavimba, na kumeza kunakuwa kazi. Kidonge kikubwa kinahisiwa kama kimekwama. Sauti inaweza kukwaruza, kwa sababu neva inayoendesha nyuzi za sauti hupita karibu na njia aliyoingilia daktari. Kwa wengi hali hii hupungua ndani ya siku au wiki. Kisichotakiwa kusubiriwa ni uvimbe wa shingo unaoongezeka haraka au pumzi kubana, hasa katika saa na siku za mwanzo: damu inayojikusanya ndani inaweza kuziba njia ya hewa, na hiyo ni dharura ya dakika. Vivyo hivyo miguu ikianza kulegea, mkojo ukishindwa kuzuilika, au homa ikiambatana na kidonda kutoa majimaji.

Baadaye kidogo hujitokeza maumivu ya nyuma ya shingo na kati ya mabega, ambayo mgonjwa hakuwa nayo kabla. Wengi hapo huamini upasuaji umeharibika. Mara nyingi sababu ni kwamba pengo lililokuwa limebonyea kwa miaka limeinuliwa ghafla, na viungo vidogo vya nyuma ya pingili, pamoja na misuli yake, vinavutwa kufikia kimo kipya. Kwa kawaida hutulia vyenyewe.

Lakini katika ubishi wote huu wa kola na mazoezi, naona pande zote mbili zinaisahau neva. Upasuaji ulifanywa kwa ajili yake, na haina habari na ratiba ya kifaa. Maumivu ya mkono yanaweza kuisha mgonjwa akiamka tu kutoka usingizi wa dawa, kwa sababu mbano umeondoka. Ganzi na udhaifu vina saa yao. Uzi wa neva uliokatika ndani huota upya kwa takribani milimita 1 kwa siku, na kutoka shingoni hadi kwenye ncha ya kidole ni mwendo mrefu; hesabu yake inaenda mwaka na kuendelea. Bahati nzuri ni kwamba neva nyingi zilizobanwa hazijakatika, zimepoteza tu sehemu ya ganda lake la nje, na hizo huamka ndani ya wiki au miezi. Neva iliyobanwa kwa muda mrefu huenda isirudi yote. Mgonjwa anayeambiwa "utarudi kazini baada ya wiki mbili" na bado anaangusha kikombe mwezi wa tatu hajadanganywa kuhusu diski, ila hakuna aliyemweleza habari ya neva.

Kisa kinachotajwa kila mjadala huu unapoibuka ni cha Jack Eichel, aliyekuwa nahodha wa Buffalo Sabres katika ligi ya hoki ya barafu, NHL. Aliumia diski ya shingo Machi 2021. Yeye alitaka diski bandia; klabu ilitaka pingili ziunganishwe, na kwa makubaliano ya ligi na wachezaji, klabu ndiyo iliyokuwa na kauli ya mwisho. Hakuna mchezaji wa NHL aliyekuwa amewahi kucheza na diski bandia shingoni. Ubishi ukadumu miezi, akavuliwa unahodha, na Novemba akahamishiwa Vegas Golden Knights waliokubali ombi lake. Alipasuliwa mwezi huohuo, akarudi mchezoni Februari 2022, na mwaka 2023 akatwaa Kombe la Stanley, ubingwa wa ligi hiyo, na timu hiyo.

Mashabiki wa diski bandia hukichukua kisa hiki kama hukumu. Mimi sikichukui hivyo. Kinaonyesha kwamba kifaa kinaweza kuvumilia vishindo ambavyo wengi wetu hatutavipata maishani. Hakisemi lolote kuhusu mtu wa miaka 58 mwenye diski tatu zilizochakaa na viungo vya nyuma vilivyokauka, ambaye pengine hata hafai kuwekewa diski bandia. Eichel alikuwa na miaka 25 na wataalamu wa viungo wanaolipwa kumsimamia kila siku. Klabu nayo haikuwa na upumbavu: kuunganisha pingili kulikuwa na rekodi ya miongo kadhaa, na diski bandia haikuwa na rekodi yoyote katika ligi ile. Ninachopinga ni kwamba kauli ya mwisho juu ya shingo ya mtu ilikuwa mikononi mwa mwajiri wake.

Tafiti zinasemaje? Majaribio ya Marekani yaliyovifungulia mlango vifaa hivi yaliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu kati ya diski bandia na kuunganisha, na baadhi yaliwafuatilia hadi miaka 7 na 10. Kwa maumivu na utendaji, diski bandia haikuwa nyuma. Katika kurudishwa tena chumba cha upasuaji ilifanya vizuri zaidi, na tofauti ilionekana zaidi kwa waliowekewa ngazi mbili. Wapinzani wana majibu. Watengenezaji ndio waliogharimia majaribio mengi. Wagonjwa walijua walichowekewa, na daktari aliyeamua nani apasuliwe tena naye alijua. Wagonjwa walichaguliwa kwa uangalifu, wenye mifupa laini na viungo vya nyuma vilivyoharibika wakiachwa nje.

Hata hoja kuu ya diski bandia, kwamba inaziokoa diski jirani zisichakae, haijatulia. Utafiti wa Hilibrand na wenzake wa mwaka 1999, wa wagonjwa 374 waliounganishwa pingili, ulikuta dalili mpya za diski jirani zikijitokeza kwa asilimia 2.9 kwa mwaka. Takwimu hiyo imenukuliwa kwenye matangazo ya vifaa mpaka imechakaa yenyewe. Kinachonukuliwa kwa nadra ni kwamba katika utafiti huohuo, waliounganishwa ngazi nyingi walikuwa na hatari ndogo kuliko waliounganishwa ngazi moja. Kama kuunganisha ndiko kunakoua diski jirani, ungetarajia kinyume. Huenda sehemu kubwa ya uchakavu huo ni umri unaoendelea na kazi yake.

Kwa anayepona sasa hivi, mabishano hayo ni ya mbali, na hatari yake iko karibu zaidi, mara nyingi kwenye wiki ya tatu. Kidonda kimefunga, mkono hauumi, kazi ya mezani imeanza, gari anaendesha kwa kuwa ameacha dawa kali na anaweza kugeuza kichwa kuangalia nyuma. Ndani, mfupa ndiyo kwanza unaingia kwenye bamba. Anajisikia mzima, anaona begi la safari linahitaji kuinuliwa hadi juu ya kabati, yaani uzito na kichwa kurudi nyuma kwa mpigo mmoja. Ratiba ya kazi nzito na michezo ya kugongana huhesabiwa kwa miezi, mara nyingi kuanzia wa tatu, baada ya eksirei kuonyesha kifaa kimekaa mahali pake.

Eksirei hizo ziendelee hata usipoumwa. Kuna aina za vifaa zilizoripotiwa kusababisha mfupa unaozizunguka kulika miaka kadhaa baadaye, wakati mwingine bila dalili za mapema. Na kabla ya kuondoka hospitalini omba kadi yenye jina la kifaa na metali yake: aloi ya kobalti na kromu hutia kivuli kikubwa kwenye picha za MRI kuliko titani, na mpiga picha wa miaka 8 ijayo atataka kujua.