Laksari ya Kuchimba Dawa

Nina ugonjwa mmoja: mtu akiniamkia, lazima niitikie. Stendi ya Magufuli pale Mbezi huo ugonjwa ni hasara tupu. Kijana kanijia mbio, "Shikamoo mzee wangu!" Kabla sijafika kwenye "-haba" ya marahaba, begi langu lilikuwa begani kwake linakwenda Mwanza. Mimi nakwenda Tabora. Nikalikimbiza begi langu mwenyewe kwa magoti ya miaka hamsini na nane, wapiga debe wenzake wakinishangilia.

Tiketi nilishakata kwa simu. Imeandikwa kila kitu: laksari, siti ya dirishani, AC, chaji, kuondoka saa 12 asubuhi, kuwasili saa 2 usiku. Nafika kwenye siti, namkuta mama na mtoto wake, na tiketi yake ina namba ileile. Konda akazikagua zote mbili, akazigeuza nyuma, akatoa hukumu: "Mzee, si unaona mama ana mtoto?" Nikahamishiwa juu ya tairi la nyuma, mahali ambapo magoti na kidevu vinajuana.

Saa 12 gari liliwashwa, hilo siwezi kuwasingizia. Likaunguruma hadi saa 1 na nusu, huku konda akitutuliza: "Tunaondoka sasa hivi, abiria mmoja tu yuko getini." Huyo abiria mmoja akaingia mara kumi na tatu, kila mara na sura nyingine.

AC ipo. Ina tundu lake, inapuliza hewa ya mdomoni mwa mtu mwenye homa. Ukigusa dirisha unaambiwa, "Mzee funga, AC inapotea." Chaji nayo ipo: nilichomeka simu Morogoro ikiwa asilimia 40, kufika Dodoma ina 11. Nadhani basi ndilo lililokuwa linajichaji kwangu. Soda na biskuti nilipewa. Kwenye biskuti sina neno.

Mtaniuliza kwa nini sikupanda treni ya umeme, ambayo toka 2024 inafika Dodoma. Mke wangu naye aliuliza hivyo hivyo, ila aliuliza nimeshalipa basi, na mimi nikishakosea huwa naendelea.

Tuna kile king'amuzi cha mwendo cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu: dereva akizidisha mwendo, kinalia. Basi dereva wetu akawa anakwenda hivi, kinalia, anapunguza, kinanyamaza, kinalia tena. Mtoto wa kile kiti changu cha dirishani akadhani ni wimbo, akawa anacheza. Na hizi kampuni barabarani ni maadui wa kufa, zinagombania abiria mpaka kola za mashati zinachanika, lakini mbele kukiwa na tochi ya trafiki, wote wanageuka ndugu wa tumbo moja. Taa zinamulikwa, mikono inapungwa, gari linanywea, tunapita tukiwa 50 kama tunasindikiza maiti.

Mchana tukashushwa kwenye hoteli moja. "Dakika kumi!" Dereva na konda wakaingia chumba chao cha pembeni, kuku mzima, matunda, hawatoi hata senti. Sisi tukapanga foleni kulipia chipsi kwa bei ya kununua shamba la viazi. Chipsi zangu zikatoka jikoni pamoja na honi. Nimekula chipsi tatu na kulipia sahani.

Sasa baada ya Manyoni, giza limeshaingia, gari likasimama porini. "Kuchimba dawa! Wanaume kushoto, wanawake kulia!" Miaka yote nasafiri sijaona abiria aliyerudi na mzizi. Na kwa umri wangu dawa haichimbwi kwa dakika tatu. Nikiwa bado nachimba, taa za gari zikamulika mbele yangu tuta refu la kokoto. Reli ya Kati! Ile iliyofika Tabora tangu 1912, Mjerumani akiwepo.

Nikaikumbuka harusi yake. Mwaka 2007 reli tuliikabidhi kwa RITES, kampuni ya India, hisa asilimia 51 zake, 49 za serikali, ndoa ya miaka 25, tukaambiwa sekta binafsi ndiyo dawa. Kufika 2011 serikali imeshamrudisha binti nyumbani, mtoto hata chekechea hajaanza. Wakenya na Waganda walioza yao kwa Rift Valley Railways mwaka 2006, miaka 25 vilevile, ikavunjika 2017. Wao angalau mtoto alifika darasa la tano.

Na sasa nasikia hata kwenye reli mpya kampuni binafsi zitaruhusiwa kuleta treni zao. Mimi sipingi, waje. Ila namuona yule kijana wa Mbezi anahamia stesheni: "Shikamoo mzee, Dodoma hiyo, behewa moja tu tunaondoka!"

"Mzee wa dawa!" konda akapiga kelele. "Tunakuacha!" Nikarudi mbio, mkanda mkononi, abiria wote wakiniangalia dirishani. Yule mtoto akanipungia.

Simu ikaita, ina asilimia 2. Mke wangu.

"Baba Rehema, umefika wapi?"

Nikaangalia saa. Saa 3 kasoro.

"Kwa mujibu wa tiketi," nikamwambia, "niko Tabora, nimeshaoga."