Hiyo "tu" ya "Ni mimi tu"

Mtu akibisha hodi kwangu nikauliza "Nani?", mara nyingi jibu ni lile lile: "Ni mimi tu." Nami nimejibu hivyo kwenye milango ya watu maisha yangu yote. Mlangoni halina ubaya. Unamwambia mwenye nyumba asihangaike, si polisi, si mdai, avae kanga yake polepole. Lakini hiyo "tu" haina adabu ya kubaki mlangoni. Inaingia, inakaa, na kesho yake asubuhi inakufuata kazini.

Mimi nashona nguo Kondele, hapa Kisumu. Kwa miaka sita ya kwanza, nikiulizwa nafanya nini, nilisema "nashona tu". Nimesoma hadi wapi? "Niliishia tu kidato cha nne." Hiki kibanda ni chako? "Eeh, ni kibanda tu." Na mteja akiuliza bei, ndipo ilipokuwa ikiniua kabisa: "We nipe tu chenye uko nacho."

Desemba moja, msimu wa harusi, mama mmoja aliniletea kitambaa cha gauni sita za wasimamizi. Zipu, uzi na bitana vilitoka mfukoni mwangu, shilingi 1,400. Nilishona usiku tatu. Stima ilipopotea niliwasha taa ya simu nikaendelea, maana cherehani yangu ni ya miguu. Alipokuja kuchukua akauliza ngapi. Nikatazama chini, nikatoa ile sentensi yangu. Akanipa 3,000. Hakuniibia. Nilimwomba alichonacho, akanipa alichonacho, na ndiyo maana sikuweza hata kumkasirikia sawasawa.

Jirani yangu, fundi wa viatu kutoka Seme, alikuwa ameona yote. Akaacha soli aliyokuwa akiigonga. "Nyar Maragoli," akaniambia, maana kwa Wajaluo mwanamke ni binti wa kwao hata akikaa hapa miaka ishirini, "huyo mama umemheshimu ama umemuogopa?"

Sikuwa na jibu. Nililipata baadaye, na ndilo ninaloandika hapa: kitu nilichokuwa nakiita unyenyekevu kilikuwa woga uliovaa nguo za Jumapili.

Nimelelewa Maragoli, kwa Marafiki, yaani kanisa la Quaker, wale ambao misheni yao ya Kaimosi ilianzishwa na Wamarekani watatu mwaka 1902. Kwetu mtu wa kujitanguliza alikuwa mtu wa kuonewa huruma. Mama yangu hakuwahi kujisifu mbele yangu hata siku moja, na simlaumu kwa kunilea hivyo. Unyenyekevu wake ulikuwa wa kweli. Alijua kulima kuliko wanaume wengi wa kijiji, na hakuhitaji kusema, kwa sababu shamba lake lilikuwa kando ya njia. Kila apitaye aliliona. Kazi yangu mimi hukunjwa, ikatiwa kwenye begi la mteja, ikaondoka. Nisipoisemea, itasemewa na nani?

Hapo utaniambia chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyeitunga methali hiyo hakuwahi kuuza kitu soko la Kibuye siku ya Jumapili. Njoo uone. Pale chema kisichotembezwa kinarudishwa nyumbani jioni kwa mkokoteni, kikiwa chema vile vile, na nauli juu.

Siku hizi tunalo neno "ego", na huku kwetu ni tusi. "Huyo ana ego." Au lile la vijana, "unajiskia sana", ambalo mwanamke halikosi akishakataa bei ya kuonewa. Mwanamume akisema lile lile huitwa mtu wa nyadhi, yaani wa mbwembwe, na anatazamwa kwa tabasamu. Kujisikia! Sasa usipojisikia wewe, utamsikia nani? Lakini neno lenyewe halina hatia. Ego ni Kilatini, maana yake "mimi", basi. Sigmund Freud, yule daktari wa mambo ya nafsi, hata hakulitumia: aliandika kwa Kijerumani, akasema Ich, neno ambalo mtoto wa Kijerumani hulisema akiomba maji. Kilatini kililetwa na waliomtafsiri kwa Kiingereza. Na mwaka 1923, alipoigawa nafsi sehemu tatu, huyo "mimi" hakuwa bwana mwenye kifua mbele. Alikuwa katikati akivutwa huku na huku: tamaa zinataka chao sasa hivi, sauti ya ndani inakemea, na dunia ya nje ina masharti yake.

Ukitaka kumwona, panda matatu ya Kisumu kwenda Mbale. Yule makanga anayening'inia mlangoni ndiye. Abiria wanataka kushuka kila mahali, mwenye gari anataka hesabu yake jioni, na polisi wako njiani, pale Kiboswa. Makanga akiwa mkorofi, safari ni matusi mtindo mmoja. Akiwa mwoga, kila mtu anashuka bila kulipa. Hakuna aliyewahi kusema dawa ni kumwondoa makanga.

Jambo lililonishangaza ni kwamba majirani zangu hawa Wajaluo walishakuwa na mahali pa kumlea huyo "mimi" tangu zamani. Panaitwa pakruok. Kama hujawahi kuiona: nyatiti, zeze la Wajaluo, inalia, au ngoma za ohangla, watu wanacheza, mara mtu anainuka, anampa mwanamuziki pesa, muziki unakatwa, naye anajisifu. Anasema yeye ni nani. Anajipa majina makubwa, anatia chumvi, watu wanacheka na kushangilia, kisha muziki unarudi. Akichoka huyu anainuka mwingine.

Mara ya kwanza nilitaka kujificha kwa aibu, na si mimi niliyekuwa nikijisifu. Lakini nimekaa Kisumu, nimehudhuria nyingi, na nimesikiliza vizuri. Kwanza, hujisifu bure. Unalipa. Hiyo peke yake inapunguza maneno. Pili, unajisifu mbele ya watu wanaokujua: shemeji yako yupo, unayemdai yupo, anayekudai yupo. Chumvi inaruhusiwa, uongo mtupu unazomewa. Na tatu, ambalo ndilo lililonigusa zaidi, huwa hawaanzii kwao wenyewe. Mtu anaanza kwa kujiita wuod nyar Alego, mwana wa binti wa Alego. Anamtaja mama yake. Anawataja marafiki zake, wale waliomkopesha, wale waliomzika baba yake. Akimaliza, "mimi" yake imeshonwa kwa vipande vya watu. Huo si ubinafsi. Mbinafsi hana wa kumtaja.

Na Waswahili nao? Tulifundishwa majigambo darasani, katika fasihi simulizi, vivugo kwa jina lingine. Mwalimu akatuandikisha sifa zake: nafsi ya kwanza, chuku, matendo ya kishujaa. Tukakariri, tukapita mtihani, na hakuna aliyetuambia tusimame tujigambe hata dakika moja. Lakini hebu irudie ile sifa ya mwisho. Matendo. Shujaa hujigamba kwa vita alivyopigana. Asiye na vita ana debe, nalo debe tupu haliachi kuvuma.

Wazungu walilipitia hili kwa njia ndefu. Mwaka 1986 jimbo la California liliunda kamati nzima ya serikali ya kushughulikia watu kujithamini, kwa imani kwamba mtu akijipenda zaidi, shule na jamii vitanyooka. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake wakapitia utafiti uliokuwepo, wakakuta kwamba kumjaza mtoto sifa hakumpandishi alama. Mara nyingi ni kinyume: anafaulu, ndipo anajithamini. Mwanasaikolojia mwingine, Albert Bandura, alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1977 kwamba chanzo chenye nguvu kuliko vyote cha mtu kujiamini ni kazi aliyoifanya ikakubali. Kumwona mtu wa hali yako akiweza kunasaidia. Kutiwa moyo kwa maneno kunasaidia pia, ila kazi ikikataa maneno hayo huyeyuka. Mwanamke yeyote aliyewahi kutia zipu ya kwanza ikanyooka anajua hivyo bila kwenda chuo.

Basi kwa nini mtu mwenye kazi nzuri bado aseme "tu"? Hapo Bandura hanitoshi. Namtazama Tom Mboya, yule mwanasiasa wa Kenya wa wakati wa kupigania uhuru, ambaye kwao ni kisiwa cha Rusinga. Miaka ya mwanzo ya 1950 alikuwa inspekta wa afya huko Nairobi, na alisimulia mwenyewe jinsi mama mmoja wa Kizungu alivyoingia maabara na sampuli ya maziwa, akatazama huku na huku, akauliza kama hakuna mtu. Mboya alikuwa amekaa pale pale. Akamuuliza kama macho yake yana shida.

Nimelitafakari jibu hilo mara nyingi nikipiga pasi. Hakujisifu. Hakumwambia ana cheti gani. Alikataa tu kuhesabiwa kama kiti. (Ona, nimeiweka "tu" mwenyewe. Hii iache, hii ina kazi.) Desemba 1958, akiwa na miaka 28, kijana huyo aliongoza kama mwenyekiti mkutano wa watu wa Afrika nzima pale Accra. Wengi walimwona ana majivuno, na huenda alikuwa nayo kiasi chake. Lakini ningependa kujua ni unyenyekevu wa aina gani ungemfikisha Accra.

Sasa nisije nikaonekana nimepona kabisa. Mwaka uliofuata zile gauni sita nilianza kutaja bei, wateja wakalipa, nami nikalewa. Kwaya moja ya kanisa ikanijia na majoho 32. Nikawaambia wiki mbili, wala wasitafute fundi mwingine, Kisumu nzima hawatampata kama mimi. Kisha, ili kitambaa kitoshe nibaki na kipande, nikazikata kola kinyume cha uzi. Ukishona nguo unajua kilichofuata. Siku ya kujaribu, kola 32 zimepinda kama masikio ya mbuzi.

Na unadhani nilisema nimekosea? Nilisema kitambaa ni kibovu. Nikamtaja mwenye duka lililokiuza. Mwisho, Mungu anisamehe, nikasema kina mama wa sauti ya pili wana shingo fupi.

Mwenyekiti wa kwaya alikuwa mwalimu mstaafu. Aliningoja nimalize. Akasema, "Mwanangu, sijauliza nani mbaya. Nimeuliza kola."

Sijui kama alijua alichonifanyia. Mimi nilikuwa nimejigeuza kola. Nilidhani nikikubali kwamba imepinda nitakuwa nimekubali kwamba mimi, binti wa fulani, nimepinda, na kwa hiyo nilikuwa tayari kuitukana shingo ya mtu yeyote. Hapo ndipo nilipoona kwamba yule mwanamke aliyesema "nipe tu chenye uko nacho" na huyu aliyesema "Kisumu nzima hakuna kama mimi" ni mmoja. Wote wawili walikuwa wanaogopa kupimwa. Mmoja alijishusha kabla ya tepu kufika, mwingine akapiga kelele ili tepu isifike.

Nikazifumua kola zote 32. Usiku nne. Kitambaa cha kukatia upya nilinunua kwa pesa yangu, na faida yote ikaishia hapo. Nikamwendea mwenye duka nikamwomba radhi, akacheka, akaniuzia uzi kwa bei ile ile. Kina mama wa sauti ya pili sijawaomba radhi, kwa sababu hawakusikia, na naomba wasisome hapa.

Tangu siku hiyo nina kola moja iliyopinda, nimeitundika kwenye msumari juu ya cherehani. Wateja huuliza. Nawaambia niliikosea. Cha ajabu ni kwamba hakuna aliyewahi kuondoka baada ya kusikia hivyo, na mmoja alinipa oda pale pale. Kando ya kola nimetundika picha ya gauni ya harusi niliyoishona mwaka jana, na wakiuliza hiyo nawaambia pia: niliishona mimi, na ni nzuri.

Wiki iliyopita nilimleta mchoraji aniandikie kibao cha mbele. Jirani yangu wa viatu alitaka niandike "Fundi Nambari Moja Kondele". Tukabishana karibu saa nzima, mchoraji amekaa juu ya mkebe wa rangi akitusikiliza. Nikakataa, si kwa unyenyekevu, ila kuna mama mzee pale Kibuye anayetia kola kwa mkono kuliko nitakavyoweza kwa mashine, naye anapita hapa kila Jumanne. Sitaki acheke. Tukaandika jina langu kwa herufi kubwa, chini yake "Nguo za Harusi na Majoho ya Kwaya". Halafu, kwa sababu jirani alisisitiza, pembeni kwa rangi nyekundu: "Nyar Maragoli".

Kibao kilipendeza. Herufi zake zilisimama wima, na ile nyekundu aliizungushia kivuli kidogo ambacho sikumwomba. Nikatoa pochi, nikamuuliza ni ngapi.

Kijana akatazama chini, akapangusa brashi kwenye suruali. "Aa, mama, we nipe tu chenye uko nacho."

Jirani yangu aliangua kicheko hadi nyundo ikamtoka mkononi. Mimi nikarudisha pochi mfukoni, nikamvutia stuli, nikamwambia aketi ataje bei.