Hao wa Kisangani bado hawajamaliza kusema

Nimesoma makala moja ambayo mwandishi wake anasema watazamaji wamechoshwa na sinema za vita kutoka Kongo, sasa zitengenezwe za kuchekesha. Mimi siafiki kabisa. Nimeitazama mara mbili filamu ya hali halisi En route pour le milliard (2020) ya mwongozaji Dieudo Hamadi, mwenyewe mtoto wa Kisangani, mji wa Kongo. Inawafuata majeruhi wa vita vya siku sita vya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji usio wao. Miaka mingi baadaye wanapanda boti iliyojaa watu na mizigo, wanashuka na mto hadi Kinshasa kudai fidia. Mvua inawanyeshea njiani, turubai linapeperuka, nao wana magongo na miguu ya bandia. Halafu kuna pale wanapopanda jukwaani kuigiza masaibu yao wenyewe. Hapo nililia, sifichi.

Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo fidia ya dola milioni 325 kwa madhara ya vita. Ndiyo maana naitaka sinema nyingine, kamera irudi kwa watu wale wale iwaulize wameshika shilingi ngapi.