Video ile niliisambaza mimi pia

Ilikuwa ya sekunde 19. Binti amesimama katika duka la vitenge Kikuubo, hapa Kampala, Uganda, mkoba begani. Anageuka kushoto, anageuka kulia, anakunja kitenge kimoja, anakitia mkobani na kutoka. Kamera ilikuwa imefungwa juu kwenye pembe ya dari, kwa hiyo alionekana utosi na shavu moja tu. Lakini sisi wa Kisenyi tulimjua kwa mtandio wake wa manjano. Kabla ya adhuhuri video ilikuwa imeingia katika makundi matatu ya WhatsApp niliyomo, chini yake imeandikwa: "Mwizi huyu, mkimwona mshikeni." Nikaisambaza. Sikuuliza kitu.

Jioni mama yake alikuja kwangu, simu mkononi, akanionyesha ujumbe wa malipo. Binti alikuwa amemlipa mwenye duka kwa pesa ya simu mapema, na kijana aliyeachiwa kaunta hakuambiwa.

"Dada, huyu si umemlea nawe?" aliniuliza. Hakuongeza neno.

Mwenye duka aliifuta video. Zile nilizotuma mimi, na za wale waliozipokea kutoka kwangu wakatuma kwingine, ziliendelea na safari. Kwa miezi kadhaa binti yule hakupita tena mbele ya maduka. Alikuwa akizunguka kwa nyuma, kwenye mitaro.

Tangu hapo nikipita chini ya nguzo yenye kamera najiuliza ni nani aliye upande wa pili. Kamera hizi za serikali tulizipokea kwa moyo mmoja. Machi 2017 Andrew Felix Kaweesi, afisa mkubwa wa polisi, aliuawa kwa risasi Kulambiro pamoja na mlinzi na dereva wake, na Rais akaagiza kamera zifungwe mijini. Vifaa vikatoka Huawei ya China. Mimi nafunga duka usiku, nilifurahi, na sidai leo kwamba zing'olewe. Juni 2021, Jenerali Katumba Wamala, waziri wa ujenzi wakati huo, aliposhambuliwa Kisaasi, na binti yake na dereva wake wakauawa, nchi nzima iliwaona washambuliaji wakiwa juu ya pikipiki.

Ila kuna jambo linaloniuma. Novemba 2020, katika ghasia zilizofuata kukamatwa kwa mwanasiasa wa upinzani Bobi Wine, watu wasiopungua 54 waliuawa. Baadaye polisi walizitumia picha za kamera kuwasaka walioandamana. Sawa, aliyechoma gari atafutwe. Lakini mzazi ambaye mwanawe alipigwa risasi akitoka kazini naye ana haki ya kuona nguzo ile ile iliona nini. Jicho linalomwona mwananchi akirusha jiwe haliwezi kufumba bunduki inapoinuliwa. Likifumba, hapo hatuna ulinzi tena, tunahesabiwa tu.

Katiba ya 1995, ibara ya 27, inalinda faragha ya mtu. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inampa kila mmoja haki ya kuuliza ni taarifa gani zake zimewekwa, na kudai zirekebishwe zikiwa na makosa. Haki nzuri hizo. Sasa nikamuulize nani? Nguzo iliyo karibu nami haina jina wala namba ya simu. Duka lile la vitenge nalo halikuwa na hata karatasi mlangoni. Iandikwe basi, kwa Kiswahili, kwa Luganda na kwa Kiingereza: nani anatazama, picha zinakaa siku ngapi, nani ana ruhusa ya kuzitoa. Na mwenye duka akiibiwa, picha aipeleke kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, au kituo cha polisi, isitupwe kundini ambako kila mmoja ni hakimu na mshtakiwa hayumo.

Mimi niliandika katika makundi yale yale matatu kwamba binti alilipa, nikamwomba radhi waziwazi. Waliojibu walikuwa wawili. Mwezi uliopita video imenirudia, safari hii kutoka kwa jamaa yangu wa Mbale. Mtandio ule ule wa manjano, sekunde zile zile 19, na chini yake wameandika kwamba tukio limetokea Mbale wiki hii. Nilimpigia simu hapo hapo. Akaniambia ameshaituma.