Natalia Sats aliwapa watoto thieta yao, lakini funguo alishika nani?

Juzi nilimwekea binti yangu wa miaka sita Peter na Mbwa Mwitu kwenye simu, ule muziki wa Prokofiev ambao kila mhusika ana chombo chake, ndege ni filimbi, bata ni zumari, paka klarineti, babu ni basuni ile yenye sauti nzito, na ukisikia tarumbeta tatu za kujikunja zinalia pamoja ujue mbwa mwitu katoka msituni. Mtoto akaacha kula, kijiko mkononi, akauliza bata yuko wapi. Nikamwambia kamezwa mzima mzima. Akasema mbona bado namsikia. Na kweli, mwishoni zumari inarudi chini chini, bata yumo tumboni analia.

Prokofiev anajulikana dunia nzima, ila aliyemwomba atunge kazi ile 1936 wengi hawamjui. Ni Natalia Sats, mwongozaji wa thieta za watoto huko Urusi ya Kisovieti, na mi naona maisha yake yanauliza swali gumu sana kwa yeyote anayetaka sanaa ya maana kwa watoto.

Alizaliwa 1903 huko Irkutsk, Siberia. Baba yake, Ilya Sats, ndiye aliyetunga muziki wa mchezo wa Ndege wa Bluu kwenye Thieta ya Sanaa ya Moscow, akafariki binti akiwa bado mdogo. Mapinduzi ya wakomunisti yakaja Urusi, na 1918, msichana wa miaka 15, akapewa kitengo cha watoto kwenye idara ya thieta na muziki ya jiji la Moscow. Miaka 15 jamani! Mwaka huohuo akaanzisha ukumbi mdogo wa vikaragosi, kukiwa na njaa na baridi, halafu 1921 Thieta ya Watoto ya Moscow. Kufika 1936 ikaitwa Thieta Kuu ya Watoto, ikapewa jengo lake katikati ya mji, jirani kabisa na Bolshoi, ile thieta maarufu ya opera na baleti.

Msimamo wake ulikuwa kwamba mtoto apewe kilicho bora. Waigizaji wakubwa waliosomea kazi, okestra ya kweli, wachoraji wa kweli. Hata nafasi ya mtoto ilichezwa na mwanamke mtu mzima mwenye umbo dogo. Yeye mwenyewe 1931 alikuwa Berlin akiongoza opera ya Falstaff, na Otto Klemperer ndiye aliyesimama mbele ya okestra, kwa hiyo hakuwa mtu aliyekimbilia kwa watoto kwa sababu kwa wakubwa ameshindwa. Kuna waliofikiri tofauti, kama Asja Lacis, mwongozaji mwingine wa thieta, ambaye mjini Orel, Urusi, aliwakusanya watoto wa mitaani waigize wenyewe, akiamini faida iko kwenye kucheza na siyo kutazama. Sisi huku tumeegemea zaidi upande wa Lacis bila hata kumjua, siku ya mahafali mtoto ndo anapanda jukwaani na mzazi anakaa kwenye kiti anapiga picha. Sawa, ni kitu kizuri. Ila ni lini mtoto wa kwetu anakaa kwenye kiti, mtu mzima aliyefanya mazoezi miezi mitatu anamchezea yeye? Hapo namuunga mkono Sats moja kwa moja.

Sasa tuje kwenye lawama, na zina uzito. Pesa zote zile zilikuwa za serikali na serikali haikutoa bure, ilitaka watoto wa kikomunisti. Hata Peter wa binti yangu mwanzoni alikuwa Pioneer Peter, yaani mtoto wa umoja wa watoto wa chama cha kikomunisti, anayemkaidi babu wa zamani na kumkamata mbwa mwitu. Halafu kuna ule mchezo wa jukwaani wa 1927, Sats ni mmoja wa waandishi wake, kuhusu mtoto wa Kiafrika na rafiki yake tumbili, wazungu wanamchukua tumbili na mtoto anasafiri mpaka Ulaya kumtafuta. Kwa wakati ule kumfanya mtoto mweusi awe shujaa mbele ya watoto wa Moscow ilikuwa hatua kubwa, sibishi. Lakini mimi Mwafrika nikikifikiria roho haitulii, ni Afrika iliyofikiriwa na watu wa mbali, na sisi tena tumewekwa na tumbili.

Na serikali ile ile iliyompa jengo ikamla. Agosti 1937 akakamatwa kwa kosa la kuwa mke wa "msaliti". Mumewe, Israel Veitser, alikuwa waziri wa biashara ya ndani, wakampiga risasi 1938. Natalia akafungwa miaka mitano makambini, thieta aliyoijenga tangu ni binti ikaendelea bila yeye. Alipotoka 1942 akaenda Alma-Ata, Kazakhstan, na huko mtu huyu, mjane aliyetoka gerezani, akaanzisha thieta ya watoto upya katikati ya vita.

Wanaomlaumu wanasema baadaye alirudi Moscow akapokea nishani za serikali iliyomuua mumewe, mpaka Shujaa wa Kazi ya Kijamaa 1983, na kwamba kukubali vile ni kuisafisha ile serikali. Nawaelewa. Maana watoto nao walikuwa wanafundishwa kupitia yeye, na mtoto hana uwezo wa kukataa anachofundishwa. Lakini najiuliza angefanyaje kingine, thieta ya watoto haijilipi kwa tiketi, mtoto hana hela, okestra inataka mshahara kila mwezi, na kwenye nchi ile hakukuwa na mfuko mwingine wa kwenda kugonga. Angesusa, wa kukosa wangekuwa watoto, serikali isingepungukiwa na chochote. Kwa hiyo mi naupokea urithi wake, na chama nakiacha kwenye historia, binti yangu hajui pioneer ni nini na muziki umemwingia vilevile.

1965 akaanzisha tena, safari hii thieta ya muziki ya watoto, opera na baleti kabisa. Jengo lake lenye ndege wa bluu juu ya paa, ndege wa ule mchezo wa baba yake, lilifunguliwa 1979, mwaka aliotimiza miaka 76.