Sharubati ya Zabibu na Dari la Mwenye Nyumba

Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa dhati baada ya tangazo la mwaka 2016, sisi watumishi tuligawanyika makundi mawili: waliohama na roho zao, na waliohama na mabegi tu. Mimi nilikuwa wa mabegi. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulipitishwa mwaka 1973, mimi nikiwa sijazaliwa, na kwa hiyo nilikulia katika imani kwamba hilo ni jambo la kujibia mtihani wa siasa, si jambo linaloweza kumfuata mtu mzima mpaka kwenye kitanda chake. Lilinifuata. Nikapanga nyumba Nkuhungu, vyumba viwili na sebule, nikanunua godoro, jiko la gesi na kiti kimoja, kwa hoja kwamba mtu hawezi kukalia viti viwili kwa wakati mmoja.

Mke wangu na watoto walibaki Tabata kwa sababu ya shule, nami nikawa msafiri wa kudumu. Kila Ijumaa nilipanda basi kwenda Dar es Salaam, kilomita zipatazo 450, na Jumapili usiku nikarudi na miguu iliyovimba pamoja na nazi ambazo sikuwa na mbuzi ya kuzikunia. Treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, safari ikawa ya saa chache badala ya kutwa nzima, lakini mfuko ulibaki ule ule. Huku Nkuhungu majirani hawakulijua jina langu. Waliniita "yule wa Ijumaa". Kule Tabata mtoto wangu wa mwisho alikuwa na tabia ya kuniuliza, kwa heshima zote, naondoka saa ngapi.

Ndipo nilipoamua kwamba baadhi ya wikiendi nitabaki Dodoma na kujifunza kuishi ninapoishi. Nilimpigia mke wangu simu nikiwa nimejiandaa kwa maombolezo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baki tu, Baba watoto. Hata sisi tupumzike." Sikuitarajia ile "hata sisi", ila uamuzi ulikuwa umeshapita.

Hakuna aliyenieleza Jumamosi ya mtu anayeishi peke yake inavyoweza kuwa ndefu. Nilifua mashati, nikafagia vumbi, upepo wa Dodoma ukalirudisha, nikalifagia tena, ukalirudisha kwa nyongeza. Kabla ya saa nne asubuhi nilikuwa nimemaliza shughuli zote za nyumbani ninazozijua. Ilikuwa Septemba, msimu wa zabibu, kwa maana ardhi ya huku, pamoja na ukame wake, hutoa zabibu mara mbili kwa mwaka, na mwezi huohuo daktari alikuwa ameniagiza niachane na soda. Mambo hayo mawili yalikutana kichwani mwangu yakafunga ndoa bila kuniuliza: nitanunua zabibu, nitakamua sharubati yangu mwenyewe, nitakunywa kidogo kidogo mwezi mzima, nitakuwa na afya, na juu ya yote nitakuwa na shughuli.

Nilichukua bodaboda hadi upande wa barabara ya Iringa, ambako akina mama hupanga ndoo za zabibu kando ya lami. Mama niliyemwendea alinionyesha za aina mbili. Hizi kubwa, alisema, ni za kula. Zile ndogo nyeusi ni za kiwandani. Nilionja zile ndogo, nikaona utamu wake unakwenda hadi masikioni, na bei yake ikanifurahisha zaidi ya utamu. "Unatengeneza mvinyo, kaka?" akaniuliza. Nikamjibu kwa fahari kwamba natengeneza sharubati. Alinitazama, akaongeza vishada viwili vya bure juu ya ndoo kama mtu anayemchangia mgonjwa nauli, akaniusia: "Basi unywe leo leo, au uichemshe. Ukiiacha hivihivi haitakaa imetulia." Niliusikia usia huo vizuri kabisa. Lakini nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba kuchemsha kunaua vitamini, na mimi sikutoka Nkuhungu kwenda kuua vitamini.

Kazi ya kukamua niliifanya kwa mikono, katika beseni, suruali ikiwa imekunjwa mpaka magotini japo miguu haikuhusika. Kila punje ilikuwa na ukungu mweupe juu ya ganda lake, ambao ukiusugua kwa kidole gumba unabaki na punje nyeusi inayong'aa mpaka unajiona ndani yake. Nilidhani ni vumbi la barabarani, nikazisuuza zabibu kijuujuu nikaendelea. Sasa najua kwamba ukungu ule ni nta ya tunda lenyewe, na kwamba kwenye ganda hilohilo huishi hamira ya asili, inayosubiri kwa uvumilivu mtu mwenye fikra za vitamini. Nilichuja kwa kitambaa, nikajaza chupa za glasi nilizonunua soko la Majengo kwa mzee anayeuza chupa tupu. Zilikuwa hazina vifuniko. Nikakumbuka babu yangu alivyokuwa akiziba kibuyu kwa gunzi la mahindi, basi nikachonga magunzi, nikayaviringishia nailoni, nikayashindilia, na kwa kuwa mimi ni mhasibu na sipendi kitu kipotee, nikayafunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, nikivuta kwa meno. Chupa zote nikazipanga juu ya kabati la sebuleni, karibu na dirisha linalopokea jua la jioni, ili zipendeze. Nilipiga picha nikaituma kwenye kundi la familia. Shemeji yangu akajibu kwa alama ya mikono inayoomba dua, na mimi nikaichukulia kuwa pongezi.

Katikati ya wiki nilianza kusikia kijisauti, ssss, usiku nikiwa nimelala. Nikachungulia chupa, nikakuta vipovu vidogo vinapanda mstari mmoja nyuma ya mwingine, nikaona ni dalili ya ubora. Ofisini nilimsimulia mwenzangu mmoja ambaye kwao ni Hombolo, na huko zabibu si habari mpya. Aliniuliza kama nilichemsha. Nikamwambia hii ni ya asili. Alicheka peke yake muda mrefu, kisha akataka kujua siku gani huwa sipo nyumbani.

Kilichotokea ndani ya zile chupa kinaelezeka kwa ufupi: hamira ilikuwa inakula sukari na kutoa pombe pamoja na gesi ya kaboni dayoksaidi, ileile inayotiwa kwenye soda, ambayo daktari alinikataza. Gesi ilitafuta njia ya kutokea, ikakuta gunzi, nailoni, mpira wa baiskeli na meno ya mhasibu.

Ijumaa usiku, nikiwa kwenye kiti changu nakula ugali na mlenda, chupa ya kwanza ilifyatuka. Mlio wake ulikuwa wa bunduki, tena si ya kuwindia ndege. Gunzi lilipaa, likatoboa dari la jipsamu, likabaki huko huko juu. Kabla sijameza tonge, ya pili ikafuata, kisha ya tatu, na hii ilipasuka chupa yenyewe, nikajirusha nyuma ya mlango wa chumbani nikasubiri vigae vimalize kuanguka. Mtu mwenye busara angebaki nyuma ya mlango. Lakini nilizitazama chupa zilizosalia, nikazihesabia gharama, nikaona bado kuna mali ya kuokoa. Nikaikumbatia moja kifuani kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia nikaanza kufungua mpira taratibu, nikiibembeleza.

Haikubembelezeka. Gunzi lilinipita sikioni, na sharubati yote ikaingia usoni, puani, na kwenye shati jeupe ambalo nilikuwa nimelifua Jumamosi ile ya vumbi.

Nje tayari mtaa ulikuwa umeamka. Mwalimu mstaafu tunayepakana naye ukuta alikuwa akipaza sauti, "Laleni chini! Laleni chini wote!" nami nikafungua mlango ili niwatoe watu hofu. Naomba msomaji anione walivyoniona: mlango unafunguka, taa iko nyuma yangu, mimi nayumba kwa kuwa macho yanawasha, na kuanzia kwenye paji la uso hadi kiunoni nimelowa wekundu unaochuruzika. Mama anayeuza maandazi pale kona alipiga ukunga ambao nina hakika ulifika Chang'ombe. Kijana wa bodaboda akawasha pikipiki akipiga kelele, "Mpandisheni, tumuwahishe Jenero!" Nilijaribu kusema kwamba ni zabibu, lakini sharubati ilikuwa imeshika koo, kikatoka kitu kama "za… zabi…", kikifuatiwa na kikohozi.

"Anasema majambazi!" mtu mmoja akatangaza, na vijana wa ulinzi shirikishi wakaizunguka nyumba na fimbo zao.

Katikati ya hayo simu yangu ikaita. Mke wangu hunipigia kila usiku simu ya video kuhakikisha kwamba nimekula. Mwalimu, kwa ustaarabu wake wote, aliniondolea simu mfukoni akaipokea, akavua kofia, akasema kwa sauti ya taratibu aliyoitumia kwenye misiba mingi: "Shemeji, jipe moyo. Bado anapumua." Kisha akanigeuzia kioo ili tuonane.

Sitaandika alichosema mke wangu, kwa kuwa sehemu kubwa haikuwa maneno.

Aliyetuokoa ni balozi wetu wa nyumba kumi, mzee wa Kigogo asiye na haraka, aliyefika akiwa amejifunga shuka na kushika tochi. Alisalimu kwanza, "Mbukwenyi," akasubiri mpaka aitikiwe, damu au hakuna damu. Kisha akanimulika kuanzia juu hadi chini. Akanisogelea, akaweka kidole kwenye mfuko wa shati langu uliokuwa umejaa, akakinusa, akakilamba. Mtaa mzima ukawa kimya. Akalamba tena.

"Huyu hajapigwa risasi," akasema. "Huyu kafungua mapema. Ilikuwa imebakiza wiki mbili." Halafu, akiwa amekwishavuka kizingiti: "Nyingine iko wapi?"

Mzee aliongoza operesheni yote. Aliamuru iletwe blanketi nzito iliyoloweshwa, kila chupa ikafunikwa humo na kulegezwa na mtu mmoja tu, wengine wakiwa nje, na gesi ikatoka kwa adabu ambayo mimi sikuijua. Chupa zilizosalia ziliwekwa sakafuni. Kwa kuwa nyumba yangu ilikuwa na kiti kimoja, na hicho alikikalia balozi, majirani walirudi makwao wakaleta vigoda, ndoo za kupindua na benchi la mama wa maandazi, ambaye alileta pia sahani ya maandazi yaliyobaki jioni, akisema kwamba baada ya ukunga ule njaa ilikuwa imemshika. Mwalimu alitangaza kwamba yeye hanywi, ataonja tu kwa ajili ya sayansi, na sayansi ikamchukua muda. Alitufundisha habari za hamira tangu mwanzo, kijana wa bodaboda akamuuliza maswali mazuri kuliko yote niliyowahi kusikia kwenye semina za ofisini, na usiku huo ndipo nilipofahamu kwamba vikombe vya mtaa wetu huazimwa na kurudishwa bila daftari. Kama mhasibu lilinisumbua kidogo. Tuliachana wakati jogoo wa kwanza wanawika, na mtu mmoja, akiwa gizani, akaniaga kwa jina langu.

Mke wangu alifika kwa treni ya asubuhi na mapema, ingawa nilikuwa nimekwisha mweleza mara nyingi kwenye simu kwamba niko mzima. Alinikagua mwili, akaridhika, kisha akanisemesha kuhusu chakula, afya, umri na akili, kwa mpangilio huo. Alipomaliza akainua macho juu. "Baba watoto," akasema polepole, "hilo dari ni la nani?" Nilikuwa natafuta jibu mama wa maandazi alipobisha hodi na chai, wakatambulishana, na mpaka mchana walikuwa wakinicheka kwa pamoja. Wikiendi hiyo hakuna aliyeniuliza naondoka saa ngapi.

Mwenye nyumba alikuja mwisho wa mwezi kuchukua kodi. Alisimama katikati ya sebule, akahesabu matundu, akatazama ramani ya zambarau iliyokuwa imeenea kutoka kona hadi kona, na akaniarifu kwamba jipsamu yote itabadilishwa na rangi itapakwa nyumba nzima, kwa gharama zangu. Sikubishana naye. Nilimkaribisha kwenye kiti, kwa kuwa sasa nilikuwa na benchi pia, nikamfungulia chupa moja ambayo balozi alikuwa ameihifadhi mpaka zile wiki mbili zikatimia. Baada ya kikombe cha kwanza alisema labda sebule peke yake ingetosha. Baada ya cha pili alivuta kiti karibu, akaniuliza msimu mwingine wa zabibu ni lini. Nilimwambia ni Februari. Akainua macho, akalitazama dari lake kwa muda, akasema katika hali hiyo haoni sababu ya kupaka rangi mara mbili.